Cour de cassation si “Mahakama Kuu ya Ufaransa”

Juzi nimesikia tena redioni: “Mahakama Kuu ya Ufaransa imetengua hukumu…” Mahakama Kuu ipi?

Kwa ufupi, mahakama za Ufaransa zina safu mbili. Ya kwanza ni ya ugomvi wa raia kwa raia na kesi za jinai. Ina mahakama za rufani 36, na kileleni ipo Cour de cassation, Paris. Ya pili ni ya anayeishtaki serikali, na kileleni lipo Conseil d'État. Sheria ya Agosti 1790 iliwakataza majaji wa kawaida kuingilia mambo ya utawala, ndiyo asili ya mgawanyo huu. Safu zikivutana juu ya kesi, Tribunal des conflits huamua ni ya nani. Baraza la Katiba, la mwaka 1958, liko nje ya zote mbili. Msomaji wa Lubumbashi hapati shida hapa: katiba ya Kongo ya 2006 nayo iligawa mahakama yao ya juu kuwa mahakama tatu.

Tena kwa Tanzania “Mahakama Kuu” iko chini ya Mahakama ya Rufani, kwa hiyo msikilizaji wa Dodoma atadhani bado kuna pa kukatia rufaa.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo cassation kufanywa “rufaa ya mwisho”. Linatokana na casser, kitenzi kilekile cha sahani iliyovunjwa. Mahakama hii huvunja hukumu. Kesi haiisikilizi upya. Haiiti mashahidi wala haiulizi nani alishika kisu. Inatazama tu kama majaji wa chini walitumia sheria ipasavyo. Kama hawakukosea, ombi linatupwa. Kama walikosea, hukumu inavunjwa na kwa kawaida kesi inarudishwa ngazi ileile ilikotoka, mbele ya majaji wengine.

Sisi tunalo neno, tena la zamani: kutengua. Udhu ukitenguka hujaambiwa sala yako imekubaliwa au imekataliwa, unarudi kutawadha. Basi ningependa tuiite Mahakama ya Utenguzi. Na ndugu watangazaji, ikitengua kifungo cha mtu, msiseme bado kwamba ameshinda kesi. Huenda kesho yuko kizimbani tena.