Mashoto na gitaa: nani kakwambia mkono wako wa kushoto ni wa kubana nyuzi?

Mwanafunzi mashoto hafiki kwangu mikono mitupu. Huwa amekwisha kushauriwa: na muuzaji, na rafiki mwenye gitaa, na jirani aliyewahi kuwa kwenye bendi. Na ushauri ni uleule. "Una bahati wewe. Kazi ngumu ya gitaa iko shingoni, na mkono wa shingoni ni wa kushoto. Chukua gitaa la kawaida, utawapita wenzako wote." Nimeusikia mno, hata mtu akianza tu kusema "niliambiwa eti..." naweza kummalizia sentensi. Acha niandike jibu mara moja, ili kila atakayekuja na maneno hayo nimwelekeze hapa.

"Gitaa la kawaida linamfaa zaidi mashoto, maana mkono wake hodari ndio unaobana nyuzi"

Wanaotumia mkono wa kulia ni takriban watu tisa katika kila kumi. Vyombo vimetengenezwa na wao, kwa faida yao. Sasa kama kubana nyuzi ndiyo kazi inayodai mkono hodari, mbona hawakuupa mkono wao wa kulia? Tazama udi, tazama fidla, tazama gitaa: kote mkono wa kulia ndio unaodonoa nyuzi au kushika upinde, na wa kushoto umepelekwa shingoni. Hawakufanya hivyo kwa kuwaonea huruma mashoto. Waliupa mkono wao bora kazi waliyoona inauhitaji.

Kazi yenyewe ni kushika wakati. Mkono unaopiga ndio unaoamua noti isikike lini, kwa nguvu gani, na ikatike wapi. Wa shingoni unaiandaa noti, wa kupiga unaitamka. Mtu akichelewa kutoka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G kwenda ya C, lakini mkono wa kupiga ukaendelea na mdundo bila kusita, msikilizaji atasikia kodi iliyochafuka kidogo ndani ya wimbo unaosonga mbele. Lakini akibana C safi kabisa, halafu mdundo ukayumba, wimbo umekufa palepale. Mwalimu yeyote aliyewahi kuongozana na mwanafunzi kwenye wimbo mzima analijua hili. Cha ajabu, wengi wanalisahau mara wanapomwona mashoto.

Najua dhana hii inatoka wapi. Wiki za kwanza, mkono wa shingoni ndio unaotesa. Ncha za vidole zinauma, kidole cha pete hakifiki kinapotakiwa, uzi wa pili unaziba kwa sababu kidole cha jirani kimeuegemea. Kisha inakuja kodi ya F, na wengine hapo ndipo huliweka gitaa juu ya kabati. Kwa hiyo mwanzilishi anaapa kwamba ugumu wote uko shingoni. Lakini mateso hayo hayachagui mkono. Mtu wa kulia anayapata, mashoto anayapata, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache, ngozi ikishakomaa na vidole vikishazoea njia.

Tatizo la mkono wa kupiga hukawia kujitokeza. Ukichapa nyuzi kwa kushuka chini tu, moja mbili tatu nne, mkono wowote utaweza. Subiri mwanafunzi aanze midundo inayoruka pigo, au kudonoa kwa vidole, gumba likitembeza besi peke yake huku kidole cha shahada na cha kati vikipiga sauti za juu. Hapo ndipo yule aliyeambiwa ana bahati anapokwama, na hapo ndipo watu walewale wanapomwambia hana sikio la mdundo. Sikio analo. Mwambie apige mdundo huohuo mezani kwa mkono wa kushoto, uone.

Mimi linaloniudhi ni kwamba mshauri halipi chochote. Anayelipa ni mwanafunzi, miezi kadhaa baadaye, na wala hajui kwamba anachokilipia ni neno moja aliloambiwa dukani siku ambayo gitaa la mashoto halikuwepo.

Paul McCartney wa bendi ya Beatles, naye mashoto, alianza hivyohivyo. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la kawaida, akajaribu kulipiga kama watu wa kulia, likamshinda. Kilichomfungua macho ni picha ya mwimbaji Slim Whitman ameshika gitaa lililoelekea upande wa pili. Akageuza lake, akapanga nyuzi upya, mambo yakaanza kwenda. Huyo ni mtu mwenye kipaji ambacho hakuna atakayekibishia, na bado mkono usio wake ulimgomea.

Kisha watakutajia Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits. Ndiyo, ni mashoto, na anapiga gitaa la kawaida kwa namna ambayo wengi wetu tunaitamani. Gary Moore naye alikuwa hivyo. Mifano hiyo inathibitisha kwamba inawezekana. Haithibitishi kwamba ni faida, achilia mbali kwamba ndiyo njia ya kila mashoto. Waliofanikiwa tunawajua kwa majina. Waliokata tamaa mwezi wa nne wa kujifunza hakuna anayewahesabu.

Simaanishi kila mashoto lazima anunue gitaa la mashoto. Wapo wanaoandika kwa kushoto na kurusha mpira kwa kulia, na Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alikuwa kinyume chake: kalamu aliishika kwa kulia, gitaa akalipiga kwa kushoto. Mkono wa kuandikia hautoshi kukupa jibu. Ninachofanya mimi ni hiki. Kabla mtu hajagusa gitaa, namwambia ajifanye analo, mikono hewani, apige wimbo anaoupenda. Wala simwambii ninachotazama. Kisha namwekea wimbo, agonge mapigo mezani kwa mkono mmoja, halafu kwa mwingine, na ninasikiliza upi unatulia. Mwisho nampa gitaa moja la kila upande, aizibe nyuzi kwa kiganja ili zisitoe noti yoyote, achape mdundo tu kwa dakika kumi kila upande. Kodi bado, vidole vya shingoni bado. Kama mkono wa kulia unaridhika, basi gitaa la kawaida, na mjadala umekwisha. Kama unababaika na wa kushoto unacheza, nao mjadala umekwisha.

(Zoezi hilo la kuchapa nyuzi zilizozibwa, huku mashine ya mapigo ikigonga 60 kwa dakika, ningempa kila mwanzilishi kwa wiki nzima ya kwanza kama wangenikubalia. Hawakubali. Wote wanataka wimbo.)

"Mbona piano haina ya mashoto?"

Kwenye piano mikono yote miwili inafanya kazi ya aina moja, kubonyeza vibao, na kila mmoja unatoa sauti zake wenyewe. Kwenye gitaa kazi zimegawanywa: noti moja inahitaji mikono miwili, kila mmoja na jukumu lake. Ulinganisho huu haufiki mbali.

"Anza na la kawaida, ukiona halikufai utahama baadaye"

Utahama kwenda wapi? Baada ya mwaka, mkono mmoja umejifunza kubana na mwingine kupiga, na ukihama vyote viwili vinarudi sifuri. Nadharia ya muziki utabaki nayo na sikio litabaki, lakini mikono inaanza upya. Tony Iommi, mpiga gitaa mashoto kutoka Birmingham, mwaka 1965 alikatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule aliokuwa akibania nyuzi. Alikuwa na miaka 17. Badala ya kubadilisha mikono, aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyepesi, akaendelea na upande uleule. Pima mwenyewe uzito wa mazoea.

Uamuzi ni kabla ya somo la kwanza, au ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Na ukiwa tayari umepiga gitaa la kawaida miaka miwili na unafurahia, usimsikilize mtu yeyote anayekuambia ugeuze, mimi nikiwemo.

"Geuza tu la kawaida juu chini, kama Jimi Hendrix"

Kwanza, Hendrix, mpiga gitaa mashoto, hakugeuza tu. Alichukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza, na akapanga nyuzi upya ili ule mnene uwe juu kama kawaida. Walioacha nyuzi kinyumenyume ni wapigaji wengine mashoto: Albert King, Dick Dale, na Elizabeth Cotten, aliyepiga besi kwa vidole na melodia kwa gumba. King alikuwa na nyuzi nyembamba upande wa juu, kwa hiyo alipotaka kuupinda uzi (kuusogeza pembeni ili sauti ipande) aliuvuta kuelekea chini badala ya kuusukuma juu, na sauti yake ikawa ya kipekee. Inapendeza kusikiliza. Kuifuata wewe mwanzilishi ni kuchagua njia ambayo karibu kila somo utakalolikuta halikuhusu.

Kupanga nyuzi upya nako kuna gharama ambayo watu hawaisemi. Mwisho wa shingo, karibu na vigingi vya kutunia (kukaza nyuzi hadi zitoe sauti sahihi), kuna kijiti cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Mifereji hiyo imechongwa kila mmoja kwa uzi wake. Katika seti nyepesi ya nyuzi za gitaa la kavu (lisilo la umeme), uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.30 hivi, na wa sita milimita 1.35. Ukizibadilisha nafasi, mnene unakaa juu ya mfereji bila kuingia, na mwembamba unaserereka ndani ya shimo kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kijiti hicho lazima kibadilishwe.

Kijiti cha pili, kile kilicho kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa juu ya mwili wa gitaa), kwa magitaa mengi ya nyuzi za chuma kimewekwa kwa mshazari, upande wa besi ukiwa nyuma kidogo. Mshazari huo upo kwa sababu uzi mnene ukibanwa hupanda sauti zaidi, hivyo huongezewa urefu. Geuza nyuzi, na mshazari unakuwa kinyume: utatuni vizuri nyuzi zikiwa wazi, halafu ukifika freti (kijiti cha chuma kinachokatiza shingo) ya 12 besi zimepanda na nyuzi nyembamba zimeshuka. Mwanafunzi anadhani hajui kutuni. Fundi anaweza kurekebisha, ila kwa gitaa la kavu ni kazi ya kwenye daraja lenyewe, na kwa gitaa la bei ya chini haina maana. La klasiki la nyuzi za nailoni ni jepesi zaidi kugeuza, kwa sababu kijiti chake cha darajani kwa kawaida kimenyooka, lakini kile cha juu bado kinabadilishwa. Na la umeme, hata ukilirekebisha, vitufe vya sauti vinahamia juu, pale pale mkono wako wa kupiga unapopita.

Zinazobaki

Eti unahitaji mwalimu mashoto. Hapana. Kaa mkabala na mwalimu wa kulia: shingo ya gitaa lake na ya lako zinaelekea upande mmoja, unamfuata kama kwenye kioo. Wanafunzi wangu wa kulia ndio wanaohangaika kunigeuza kichwani.

Eti tabo lazima zigeuzwe. Ile mistari sita yenye namba inakuambia uzi na freti, haikuambii mkono, kwa hiyo isome ilivyo. Michoro ya kodi ndiyo inayohitaji kugeuzwa, maana imechorwa uzi mnene ukiwa kushoto. Au fanya mazoea ya kusema "uzi wa sita, freti ya tatu" na uachane na sura ya mchoro.

Eti kuna nyuzi za mashoto na piki (vibao vidogo vya kudonolea nyuzi) za mashoto. Hakuna haja. Seti ni ileile.

Eti mashoto wana kipaji cha kuzaliwa cha muziki. Wanafanya mazoezi au hawafanyi, kama wengine.

Na hii ya mwisho, "hutaweza kupiga gitaa la mtu mwingine", siwezi kuikanusha kwa sababu ni kweli. Dukani utakuta aina chache za mashoto au usikute kabisa, na kwenye mikusanyiko gitaa linalozunguka halitakuwa lako. Beba la kwako. Kwa siku ambayo hukubeba, jifunze kodi za Em, A na D kwenye gitaa la kawaida lililopinduliwa, nyuzi zikiwa kinyumenyume. Em ni vidole viwili freti ya pili, A ni vitatu freti hiyohiyo, na hata juu chini zinabanika bila shida kubwa. D itakuchukua siku mbili tatu.