Panya mwenye ini la mtu: maswali na majibu

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzunguka kwenye simu zetu: "Dawa imepatikana! Imeponya panya!" Wapo wanaoshangilia, na wapo wanaoguna. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa kwa nyakati mbalimbali, mengine kwa utani, mengine na watu wenye mgonjwa nyumbani.

Panya na mtu wapi na wapi? Dawa ikimfaa panya, mimi inanihusu nini?

Mara nyingi haikuhusu, na hata watafiti wenyewe wanalijua hilo. Chukua malaria. Kimelea kinachotulaza sisi, Plasmodium falciparum, hakina haja na panya. Mwache mbu mwenye kimelea hicho amuume panya wa kawaida usiku kucha, asubuhi utamkuta panya anakula zake. Panya wana malaria yao wenyewe. Mojawapo, Plasmodium berghei, iligunduliwa mwaka 1948 huko Katanga, Kongo, na Ignace Vincke na Marcel Lips. Kwa miongo mingi dawa zetu zilijaribiwa kwanza dhidi ya ugonjwa huo wa panya, kwa matumaini kwamba ndugu wawili hawa wanafanana tabia. Wakati mwingine wanafanana, wakati mwingine hapana.

Virusi vya Ukimwi navyo ni hivyohivyo. Vinaingia kwenye seli za kinga kwa kushika protini iitwayo CD4, ile ile unayopimiwa kliniki. Panya naye ana CD4 yake, ila umbo lake halishikiki na kirusi cha mtu. Ni kama ufunguo wa mlango wa jirani.

Ndipo likaja wazo la kumpa panya kile ambacho ugonjwa unakitafuta kwa mtu. Akipewa seli za ini, damu au kinga ya binadamu, huwa kile ambacho wataalamu wengine hukiita panya aliyebinadamishwa. Neno hilo silipendi, linatisha watu bure. Mimi husema panya mwenye ini la mtu, au panya mwenye damu ya mtu, maana ndivyo alivyo: sehemu moja ni yetu, iliyobaki ni yake.

(Na tusichanganye habari. Hawa si wale panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Buku ni buku mtupu, hana cha mtu ndani yake.)

Mwili wa panya unakubalije seli za mtu? Si utazikataa?

Utazikataa, tena upesi. Kwa hiyo hutafutwa panya asiye na askari wa kuzikataa.

Mwaka 1983 huko Philadelphia, Marekani, Melvin Bosma na wenzake walikuta panya wa maabara ambao damu yao karibu haikuwa na kingamwili, protini za kinga zinazoshika vijidudu. Jeni moja ilikuwa na hitilafu, na kwa sababu hiyo hawakuwa na seli T wala seli B, askari wakuu wa kinga. Miaka mitano baadaye, mwaka 1988, makundi mawili ya watafiti Marekani yaliripoti kuwa yamepandikiza seli za kinga za binadamu ndani ya panya hao, nazo zikaishi. Lakini panya alikuwa amebakiwa na askari wengine walioendelea kuzisumbua. Kati ya mwaka 2002 na 2005, Japani na Marekani zikatoa panya aliyeondolewa pia jeni inayowawezesha askari hao kukua. Panya huyo ndiye anayetumika sana leo.

Kutoka hapo njia zinatofautiana. Ukitaka kinga ya mtu, unachukua seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine za damu, kutoka damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ile ambayo kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo, unampiga panya mionzi kidogo ili uboho wake upate nafasi, kisha unamchoma sindano. Seli T za mtu huchukua takriban miezi mitatu kujaa. Panya mwenyewe huishi miaka kama miwili, kwa hiyo hesabu hiyo si ndogo.

Na ini je? Unampandikizaje panya ini la mtu?

Hapa ndipo ninapopapenda mimi, maana kuna ujanja wa aina yake.

Panya hupandikizwa seli tu, si ini zima. Yuko panya aliyetengenezwa bila kimeng'enya kimoja cha ini. Akikikosa, chakula chake mwenyewe humwachia sumu ndani ya seli za ini na kuziua. Ili asife, maji yake ya kunywa hutiwa dawa iitwayo nitisinoni, inayozuia sumu hiyo isitengenezwe. Siku ya kazi, mtafiti huchoma seli za ini la binadamu kwenye wengu wa panya, na kutoka hapo damu huzisafirisha hadi kwenye ini. Kisha anabadilisha chupa ya maji na kuweka isiyo na dawa.

Seli za ini la panya zinaanza kufa. Zile za mtu zina kimeng'enya kamili, hazidhuriki, na kila panya anapopoteza seli moja, zenyewe zinagawanyika na kuchukua nafasi. Panya akipungua uzito sana anarudishiwa dawa siku chache, apumue, halafu inaondolewa tena. Inaendelea hivyo kwa wiki nyingi. Mtafiti hana haja ya kumpasua ili ajue amefika wapi: anatoa tone la damu na kupima albumini ya binadamu, protini inayotengenezwa na ini. Ikipanda, ini linageuka. Kwa waliofanikiwa, sehemu kubwa mno ya ini hilo huwa seli za mtu, ndani ya mnyama mwenye uzito wa gramu ishirini na kitu.

Sasa mlete yule mbu. Falciparum anaingia kwenye ini hilo na kukua kama alivyo kwenye ini lako, na baada ya siku sita au saba anatoka kutafuta chembechembe nyekundu za damu. Za panya hazitaki. Kwa hiyo panya huchomwa damu ya binadamu siku hizohizo, na malaria kamili ya mtu inaanza.

Imetusaidia nini hiyo, kwa kweli? Au ni majaribio tu ya wazungu maabara?

Bagamoyo si Ulaya. Vijana wa Tanzania walijitolea huko kupokea chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa vimelea vya malaria vilivyodhoofishwa kwa mionzi, kisha wakaambukizwa malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi, ionekane nani amekingika. Kutoka kwa baadhi ya waliochanjwa, watafiti walitoa kingamwili moja moja. Nyingi zilishika kimelea, lakini ipi inazuia kweli? Zilijaribiwa kwa panya wenye seli za binadamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa zilizofanya kazi vizuri zaidi zilishika pia kipande fulani cha protini ya kimelea ambacho hakimo kwenye chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Panya wale walisaidia kuonyesha umuhimu wa kipande hicho.

Mwaka huohuo kingamwili nyingine inayolenga eneo hilohilo, CIS43, iliripotiwa kukinga panya. Ikaboreshwa ili ikae mwilini muda mrefu, na mwaka 2022 zikatoka habari kutoka Mali: watu wazima waliochomwa kipimo cha juu mara moja walikingwa kwa asilimia 88.2 dhidi ya maambukizi katika wiki 24 za msimu wa malaria.

Na ndugu zetu wa Kivu Kaskazini wanalo la kusema. Katika mlipuko wa Ebola ulioanza mwaka 2018, wagonjwa 681 walishiriki jaribio la dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mojawapo, REGN-EB3, ni mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotokana na panya wa aina tofauti kidogo. Huyu hakupewa seli za mtu. Jeni zake za kutengeneza kingamwili ndizo zilizobadilishwa zikawa za mtu. Ukimchanja dhidi ya Ebola, anakutengenezea kingamwili ambazo mwili wako hauzioni kuwa ngeni. Waliopewa dawa hiyo walifariki asilimia 33.5, waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, asilimia 49.7. Bado ni vifo vingi. Lakini fikiria wodi yenye wagonjwa mia moja, uhesabu tofauti hiyo kwa vichwa.

Kama panya huyu ana seli za mtu, akipona si ndiyo dawa imethibitishwa?

La. Panya hujibu kwa ile sehemu aliyoazimwa tu.

Mwaka 1993 huko Marekani wagonjwa 15 wa homa ya ini B walipewa dawa mpya, fialuridini. Ilikuwa imepita kwa panya, mbwa na nyani bila shida kubwa. Wagonjwa saba wakaharibikiwa na ini. Watano walifariki, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Ilikuja kujulikana kwamba dawa hiyo inaingia ndani ya mitokondria, majiko ya seli, kupitia mlango ambao binadamu anao na panya hana. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford waliwapa dawa hiyohiyo panya wenye ini la mtu, na maini yao yakaharibika kama ya wale wagonjwa. Miaka ishirini na moja imechelewa, lakini somo ni kubwa.

Ila panya yuleyule asingeweza kukuambia lolote kuhusu moyo au ujauzito, kwa kuwa moyo wake ni wa panya. Na wenye kinga ya mtu wana mapungufu yao: kingamwili zao huwa dhaifu, na wakipewa seli za kinga zilizokomaa, baada ya wiki kadhaa seli hizo huanza kuushambulia mwili wa panya wenyewe, manyoya yakanyonyoka, akakonda.

Hawawezi kutoroka wakatuletea magonjwa mtaani?

Panya asiye na kinga hamalizi muda nje. Chakula chake huchemshwa kwa mvuke, hewa yake huchujwa, anayemshika huvaa glavu. Dari ya kwako ingemuua.

Dini inaruhusu?

Hilo muulize shehe au padri wako, mimi nikupe tu cha kumweleza. Damu ya kitovu hutolewa kwa ridhaa ya mama. Zipo pia aina za panya zinazohitaji tishu za mimba zilizotoka, na hizo ndizo zenye ubishi mkali hata Marekani, ambako serikali iliweka vizuizi mwaka 2019 na kuviondoa mwaka 2021. Panya hapati akili ya mtu kwa kupewa ini. Ila maumivu anayasikia, na kwa maoni yangu mtafiti asiyehesabu maumivu hayo asipewe kibali.

Kaka yangu amesikia Ukimwi umeponywa kwa panya, anataka kuacha dawa. Nimwambieje?

Mwambie habari ile ni ya kweli na haijaisha. Mwaka 2019 watafiti wa Nebraska na Philadelphia waliripoti kuwa panya wachache wenye kinga ya binadamu hawakuonekana tena na kirusi, baada ya kupewa ARV za kukaa muda mrefu pamoja na mkasi wa jeni unaokata kirusi. Wachache, si wote. Mkasi wa namna hiyo ukapelekwa kwa watu. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba watatu waliacha ARV chini ya uangalizi wa karibu, na wote watatu kirusi kikarudi. Mmoja kilimchukua wiki 16, wengine mapema zaidi. Wakarudi kwenye vidonge vyao. Kaka asiache vyake, na kama vinamsumbua, aseme kliniki abadilishiwe.