Watoto wa Sololá si wafupi kwa asili

Tangu nirudi kutoka Guatemala, Amerika ya Kati, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, ni hili: "Lakini Wamaya si ndivyo walivyo, wafupi tu?" Hata madaktari wananiuliza. Na nikiri, kabla sijaenda kujitolea huko, hata mimi nilikuwa nimeshaamini nusu.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na miaka yangu mingi nimefanya kazi Iringa, mkoa wenye mahindi tele na udumavu tele, yaani watoto wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Sololá, nyanda za juu karibu na ziwa Atitlán, nilipangiwa kupima watoto wa Wakaqchikel, moja ya jamii za Wamaya, wenye umri chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 hulazwa kwenye ubao: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti, mtoto analia, mama anatazama kama vile tunamwonea mwanawe. Ukikosea sentimita moja, unaweza kumwita mzima mtoto aliyedumaa.

Mwenye utapiamlo mkali atakushtua, mbavu nje au miguu imevimba. Aliyedumaa anakimbia, anacheka, mashavu yamejaa. Hutajua kitu mpaka uulize umri. Binti mmoja niliyemdhania wa miaka 3 alikuwa na miaka 5, na kwa kuwa watoto wa majirani wote wako kimo kile kile, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Utafiti wa kitaifa wa 2014–2015 ulikuta asilimia 46.5 ya watoto wa Guatemala chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa watoto wa jamii za asili ni kama asilimia 58.

Sasa hilo la kuwa wafupi "kwa asili". Mwanaanthropolojia Barry Bogin na wenzake walipima watoto wa Kimaya waliokulia Marekani, ambao wengi wazazi wao walikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala, 1960 hadi 1996. Waliwazidi wenzao wa Guatemala kwa takriban sentimita 10. Damu ni ile ile, na ni kizazi kimoja tu kimepita. Kilichobadilika ni maji, chakula na kliniki.

Wanaojitolea wengi hufika na wazo kwamba tortilla, chapati yao ya mahindi, ndiyo adui. Hapana. Mahindi yao huchemshwa kwa chokaa, jamii ya ile wanayopaka watu wa pwani kwenye tambuu, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa ndipo yakasagwa. Chokaa huongeza kalsiamu na kuifungua niasini (vitamini B3) iliyojificha kwenye punje. Sisi tunayakoboa mahindi yetu mpaka yawe meupe pe, virutubisho tunawapa kuku. Kwa hiyo kwenye mahindi sikuwa na la kufundisha, nilikaa nikafundishwa. Shida ni kwamba mtoto wa miezi 8 anahitaji zaidi ya tortilla: maharage yaliyopondwa, yai, mboga. Mayai yapo, ila huuzwa ili yanunuliwe mahindi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kahawa. Niliona watoto wadogo wakinyweshwa kahawa nyepesi yenye sukari, nikapandwa na hasira za kitaalamu. Kahawa inashibisha bure na inazuia mwili kunyonya madini ya chuma. Nikaandaa somo zima, na bango lenye kikombe kilichopigwa mstari mwekundu. Nilisema kwa Kihispania changu cha kuungaunga, mkalimani akageuza kwa Kikaqchikel. Kimya. Kisha mama mmoja, mwanawe mgongoni, akasema: kahawa imechemshwa. Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba maji ya bomba hayajachemshwa, na kuni za kuchemsha mara mbili hana.

Yaani kahawa ndiyo yalikuwa maji salama ya nyumba ile. Ningemshawishi aiache, mtoto angerudi kwangu na kuhara, na kuhara mara kwa mara ni njia ya mkato ya kwenda kwenye udumavu.

Bango nililikunja. Tukahamia kwenye mambo ya maji: nani ana chujio, nani anaweza kuchemsha ya siku nzima kwenye moto ule ule wa mahindi. Mkutano ukachangamka kuliko siku zote. Mwishoni mama yule yule akataka kujua watoto wa kwetu hunywa nini asubuhi.

Nikasema: chai ya rangi, sukari nyingi. Mkalimani alicheka kabla hajamaliza kutafsiri.