Kati ya Magharibi na Isha: Kuviona Vyombo vya Anga kwa Darubini ya Uani

Jioni za kaskazi hapa Mombasa, swala ya Magharibi ikishamalizika na watu wameketi uani wakipunga upepo, hutokea nyota inayotembea. Hutoka upande wa Likoni, kusini, hupanda kimya kimya hadi utosini, hung'aa kuliko nyota zote, kisha ikishika njia ya Nyali, kaskazini mashariki, huanza kugeuka nyekundu na kuzimika machoni pa watu, na mbingu haina hata wingu. Swali ninaloulizwa mno katika kazi hii ya kufundisha falaki, elimu ya nyota, ni hilo: imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Ni Kituo cha Anga cha Kimataifa, chombo kinachoizunguka dunia kikiwa na wanaanga ndani, na kimeingia kivulini.

Kituo hicho hakituwashii taa. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaopiga mabawa yake ya kugeuza mwanga huo kuwa umeme. Kinapita takriban kilomita 400 juu yetu, kwa hiyo jua likishatuchwea sisi, huko juu bado ni mchana. Lakini kivuli cha dunia nacho hupanda. Ukipiga hesabu, chombo kilicho utosini kwa kimo hicho hukosa jua pale linapokuwa limezama nyuzi 20 hivi chini ya upeo. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo tunabakiwa na kama saa moja na dakika 20 tu tangu machweo. Anayefuatilia nyakati za swala atang'amua jambo hapo: hesabu zinazotumika sana huweka Isha jua likiwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo, wakati mabaki ya mwanga wa machweo yanapoisha. Mwanga ni ule ule, wa jua ambalo sisi hatulioni tena. Basi kitafute kati ya Magharibi na Isha, au alfajiri, kuanzia adhana hadi kunapopambazuka. Usiku wa manane lala. Wenzetu wa Uingereza mwezi Juni hukiona hata saa sita ya usiku, maana jua lao halizami mbali wakati huo.

Si kila jioni hupita. Huonekana siku kadhaa mfululizo, kisha hupotea kwa wiki. Tovuti ya Heavens-Above na huduma ya NASA, shirika la anga la Marekani, iitwayo Spot the Station hutoa tarehe, saa na upande, ukishawaambia uko Mombasa. Chunga saa tu, kwani huandikwa kwa mtindo wa kizungu: 19:12 ni saa moja na dakika 12 usiku. Kijana mmoja alisoma saba akaelewa saa saba. Alikesha juu ya paa, akaona popo.

Macho matupu huona nukta. Umbo linataka darubini. Kituo kina urefu wa mita 109 kutoka ncha hadi ncha, na kikiwa utosini upana wake machoni petu ni sawa na wa sayari ya Mshtarii (Jupita). Ukikikuza mara 50 kitaonekana kikubwa kuliko mwezi unavyoonekana bila chombo chochote. Kazi iko kwenye mwendo. Kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, na kikiwa utosini hukata zaidi ya nyuzi moja ya anga kila sekunde, yaani upana wa miezi miwili mipevu. Kwa kukuza mara 50, darubini huona eneo la nyuzi moja hivi. Hesabu mwenyewe: ukikishika, sekunde moja kimetoka.

Kwa hiyo darubini ya bei kubwa yenye mota ya kufuata nyota inaweza kushindwa na ile ya Dobson, ambayo ni kioo ndani ya bomba lililokalia kisanduku cha mbao, na husukumwa kwa mkono. Mimi huchagua hiyo. Kungali mchana, lenga kitu cha mbali, mnara wa msikiti au ncha ya kreni za bandari ya Kilindini, uhakikishe darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni inatazama pale pale inapotazama kubwa. Giza likianza, rekebisha ukali wa picha kwa nyota yoyote angavu, kwa sababu kituo kikifika hutapata nafasi ya kuzungusha chochote. Tumia lenzi ya jicho ya milimita 25 au zaidi, si ile ya kukuza sana. Kisha kivizie kama mvuvi anayejua samaki watapita wapi: elekeza bomba mbele ya njia yake, ngoja kiingie, halafu kisukume nacho. Mara tatu nne za kwanza utaambulia mkwaruzo wa mwanga. Ni kawaida.

Ukifanikiwa utaona mwili mweupe na mabawa ya rangi ya shaba pande zote mbili. Kituo cha China, Tiangong, nacho hupita juu yetu; ni kidogo zaidi na huhitaji subira zaidi. Wanaanga hutawaona. Hewa inayotikisika hufuta chochote kilicho chini ya mita tatu nne kwa umbali huo, hata darubini iwe nzuri vipi.

Na hewa ya Mombasa hutikisika kwelikweli. Paa la saruji lililokunywa jua mchana kutwa huwa jiko wakati wa Magharibi, na picha huchezacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Shuka uani, penye mchanga au nyasi. Toa darubini nje nusu saa kabla ili ipoe, na usiiache usiku kucha: chumvi ya bahari hula kioo, unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Taa za mji hazidhuru, maana kituo chenyewe hung'aa kuzishinda. Jua usililenge kamwe bila kichujio maalumu mbele ya bomba. Jicho huungua papo hapo.

Kuna vyombo vingine ambavyo havikimbii. Tazama madishi ya televisheni mjini yanavyokaribia kulala chali, yakikusanya maji ya mvua. Setilaiti zinazoyahudumia ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, nazo huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia. Kwetu safu yao hukatiza anga karibu nyuzi tano kaskazini mwa utosi. Ni hafifu sana: zinataka darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 20 na giza la nje ya mji, kama Diani au Kilifi. Januari au Februari, usiku ukishakuwa mzito, lenga nyuzi moja kaskazini mwa nyota iliyo kaskazini zaidi kati ya zile tatu za mkanda wa Orion, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, kisha ondoa mkono kwenye darubini. Nyota zote zitateleza kuelekea magharibi na kutoka nje ya duara. Kile kinukta kisichoondoka ndicho ulichokuwa ukikitafuta.