Kumfundisha msaidizi kazi hakukuondoi kazini

Kila msimu wa korosho, kwenye magrupu ya wafanyakazi Mtwara na Lindi huzunguka ujumbe huu: usimfundishe msaidizi wako kazi yote, bosi atakutoa ampe yeye.

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha kazi mtu aliyetimiza miezi sita kwake. Msaidizi kuijua kazi si sababu. Kisome mwenyewe.

Mkanganyiko unatokana na mikataba ya msimu. Mzigo ukiisha ghalani, mkataba wa msimamizi nao unakwisha. Kijana aliyefundishwa naye akibakizwa, maneno yanaanza.

Tazama sasa msimamizi anayejua peke yake kuchukua sampuli kwenye gunia, kukata korosho na kuzipanga madaraja. Akiugua, malori yanapanga foleni. Likizo hapati, na kupandishwa ndiyo kabisa: nani ataachiwa meza yake? Bora amwachie msaidizi gunia moja, asimame pembeni, amrekebishe bila kumgombeza mbele ya vibarua.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.