Harold Pinter, mwigizaji aliyewaandikia waigizaji

Wanafunzi wangu wa uigizaji wanapokutana na Harold Pinter kwa mara ya kwanza, huja na kalamu mkononi wakisaka maana iliyofichwa. Wameshasikia kwamba alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2005 na kwamba tamthilia zake ni ngumu, kwa hiyo wanaogopa kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza. Mimi huwaambia waanze na jambo ambalo vitabu vingi vya fasihi hulitaja kwa sentensi moja tu na kulipita: kabla hajaandika tamthilia hata moja, Pinter alikuwa mwigizaji wa kulipwa, wa zile kampuni zinazozunguka mji kwa mji, na hakuacha kuigiza mpaka uzeeni. Alichokiandika kilitoka kwenye miguu iliyosimama jukwaani.

Alizaliwa Hackney, mashariki mwa London, tarehe 10 Oktoba 1930, mtoto wa pekee wa fundi cherehani Myahudi. Shuleni alibahatika kumpata mwalimu wa Kiingereza, Joseph Brearley, aliyempa nafasi ya Macbeth, na mwaka uliofuata ya Romeo. Mwaka 1948 akaingia RADA, chuo cha uigizaji chenye jina kubwa kuliko vyote Uingereza. Hakukipenda, akakiacha. Alipotakiwa kujiunga na jeshi kwa mujibu wa sheria, alikataa kwa sababu ya dhamiri yake, akafikishwa mahakamani na kutozwa faini. Ukaidi huo alikuwa nao tangu ujana.

Kazi yenyewe aliianzia Ireland mwaka 1951, katika kampuni ya Anew McMaster, mzee aliyekuwa akiipeleka Shakespeare kwenye miji midogo, kwenye kumbi za kila namna, mbele ya watu wa kila namna. Mshahara ulikuwa pauni 6 kwa wiki. Aliporudi London, mwaka 1953, akaingia kwenye kampuni ya mwigizaji maarufu Donald Wolfit, kwenye ukumbi wa King's, Hammersmith, akipewa nafasi ndogondogo za wale wanaosimama pembeni na kutazama. Ni huko pembeni alikoliona jambo ambalo alilisimulia hata baada ya miaka mingi.

Ilikuwa ni tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu uzee wa mfalme Oedipus kule Colonus. Wolfit amesimama mahali palipoinuka, taa zote zikimmulika yeye, ameipa hadhira mgongo, joho limemzunguka mwili mzima. Mwigizaji wa mbele anamaliza maneno yake. Sasa kila mtu ukumbini anajua kwamba ni zamu ya Wolfit kugeuka na kusema. Hageuki. Anaushikilia wakati ule, anazidi kuushikilia, mpaka Pinter, ambaye yumo humo humo jukwaani, anahisi tumbo likimtetemeka. Ndipo joho linapozunguka na sauti inatoka.

Mimi nikitafuta chimbuko la vile vituo, yaani zile nyakati za kunyamaza katikati ya mazungumzo, vilivyomfanya Pinter ajulikane dunia nzima, naanzia kwenye mgongo wa Wolfit. Wengine huanzia kwenye falsafa, na sidhani kama wanafika mbali. Kijana mwenye umri wa miaka 22 alishuhudia mtu akiitawala hadhira nzima bila kufungua mdomo.

Kisha ikaja miaka ya jasho. Kuanzia mwaka 1954 alijiita David Baron, akawa anaajiriwa na kampuni za mikoani, Colchester, Bournemouth, Torquay na kwingineko. Utaratibu wa kampuni hizo ulikuwa wa kuchosha kweli kweli: usiku unaigiza tamthilia ya wiki hii, mchana unafanya mazoezi ya tamthilia ya wiki ijayo, na mistari unaikariri saa ambazo wengine wamelala. Nyingi zilikuwa tamthilia za mauaji na upelelezi, au vichekesho vya milango kufunguka na kufungwa. Mwigizaji aliyepitia hapo anajua kwa mwili wake mtu anavyopaswa kuingia chumbani ili watazamaji wanyamaze, na swali la kawaida kabisa linavyoweza kugeuka tishio likiulizwa mara ya pili. Yeye mara nyingi alipewa nafasi za watu wa kutisha, na alizipenda.

Huko Bournemouth, mwaka 1956, akamwoa mwigizaji mwenzake, Vivien Merchant. Katika kipindi hicho hicho rafiki yake wa utotoni, Henry Woolf, aliyekuwa akisoma uigizaji Chuo Kikuu cha Bristol, akamwomba amwandikie tamthilia fupi. Pinter akaiandika The Room kwa siku chache, huku usiku akiendelea kupanda jukwaani. Ikaonyeshwa Bristol Mei 1957.

Mwaka uliofuata ikaja The Birthday Party, na hapo mambo yakamwendea kombo. Mikoani ilipokewa vizuri, lakini ilipofika ukumbi wa Lyric, Hammersmith, Mei 1958, magazeti ya London yaliiponda. Iliondolewa baada ya maonyesho 8. Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na onyesho la mchana, Pinter akaenda kutazama. Alitaka kukaa ghorofani. Mhudumu wa ukumbi akamwambia huko kumefungwa. Akasema yeye ndiye mwandishi. Yule mama akamwonea huruma, akamruhusu apite. Chini walikuwa wamekaa watu 6. Jumapili, tamthilia ikiwa imeshaondolewa, mhakiki Harold Hobson wa Sunday Times akaandika kwamba katika London yote hakuna kipaji kipya kama cha mtu huyu. Sifa ilikuja mlango ukiwa umeshafungwa, lakini ilimpa nguvu ya kuendelea. Na kilichoweka chakula mezani wakati huo kilikuwa uigizaji.

Miaka 2 baadaye The Caretaker ikapata maonyesho zaidi ya 400, na shida ya fedha ikaisha. Ajabu ni kwamba hakuuaga uigizaji. Mwigizaji Alan Bates alipokosekana kwa muda katika tamthilia hiyo, Pinter mwenyewe ndiye aliyevaa nafasi yake ya Mick.

Nataka kukaa kidogo kwenye vile vituo, maana ndipo waigizaji wengi wanapoharibu. Katika maandishi yake kuna nukta tatu, kuna kituo, na kuna kimya. Peter Hall, mwongozaji aliyefanya naye kazi nyingi, alikuwa akitenga mazoezi maalumu kwa ajili ya hayo tu. Nukta tatu ni mtu anayetafuta neno. Kituo ni pale ambapo mhusika amenyamaza lakini ndani yake mapambano yanaendelea. Kimya ni pale ambapo jambo kubwa limekwisha kutokea, na mtu atakayesema baada ya hapo si yule aliyekuwepo mwanzo. Mwigizaji asiyejua tofauti hiyo huhesabu sekunde kichwani, na hadhira inamwona akihesabu. Pinter mwenyewe, alipokuwa mwongozaji, aliwaambia waigizaji kwamba kituo kisichokuwa na maana kwao wakiondoe.

Tazama The Homecoming, iliyoonyeshwa katika ukumbi wa Aldwych, London, mwaka 1965. Ni usiku, nyumba ya wanaume pekee kaskazini mwa London. Ruth ameletwa kwa mara ya kwanza na mumewe, na sasa yuko peke yake na shemeji yake, Lenny. Lenny amemsimulia visa virefu vya jinsi alivyowapiga wanawake, kwa upole, kama anayezungumzia hali ya hewa. Kisha anataka kumwondolea glasi yake ya maji. Ruth anakataa. Anamwambia kwamba akiichukua glasi, yeye atamchukua Lenny. Kituo. Mkono wa Lenny ufanye nini hapo? Mwandishi hasemi, kwa sababu anamwamini mwigizaji. Ruth anamwalika anywe, alale chini ammiminie; kisha anayanywa yote mwenyewe na kupanda ngazi kulala, huku Lenny akibaki anapiga kelele za kuuliza maana yake nini. Nyumba imeshapata mwenyewe, kwa glasi moja ya maji. Vivien Merchant ndiye aliyekuwa Ruth katika onyesho lile la kwanza, na mwaka 1969 Pinter aliigiza Lenny huko Watford.

Kwenye filamu alijulikana zaidi kwa kuandika, hasa The Servant, Accident na The Go-Between alizofanya na mwongozaji Joseph Losey. Kuigiza aliigiza pia, nafasi fupi fupi, na uzeeni akaigiza Sir Thomas katika Mansfield Park ya mwaka 1999. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake kubwa ya uigizaji wa uzeeni ni Nicolas katika One for the Road, mwaka 2001, tamthilia aliyoiandika mwaka 1984. Nicolas ni mtesaji wa serikali ambaye hampigi mtu mbele yetu hata mara moja. Anajimiminia kinywaji, anasifu, anauliza habari za mtoto. Alichojifunza zamani kwenye tamthilia za mauaji za mikoani, kwamba sauti ya chini inatisha kuliko ukelele, sasa alikitumia kuzungumzia jela na mateso, mambo yaliyomuumiza moyo na kumfanya mwanaharakati.

Mwishoni mwa mwaka 2001 aligundulika kuwa na saratani ya umio. Februari 2002, akiwa katikati ya matibabu, alipanda jukwaa la National Theatre kuigiza kipande chake kifupi cha Press Conference. Hotuba ya Nobel aliirekodi akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu hakuweza kusafiri hadi Stockholm. Oktoba 2006, katika ukumbi wa Royal Court, aliigiza Krapp's Last Tape, tamthilia ya rafiki yake, mwandishi Samuel Beckett, ndani ya kiti chenye mota, akiwa peke yake na kinasa sauti kinachomrudishia sauti ya ujana wa mhusika. Kile kichekesho cha kula ndizi kilicho mwanzoni mwa tamthilia hiyo walikiondoa. Alifariki tarehe 24 Desemba 2008.

Kikundi kinachotaka kumjaribu Pinter kwa mara ya kwanza nakishauri kianze na The Dumb Waiter. Wanatosha waigizaji 2, vitanda 2, na ukuta wenye tundu la lifti ndogo ya chakula. Ben na Gus ni wauaji wa kukodiwa wanaosubiri maagizo chini ya ardhi, na lifti inaanza kuwashushia vikaratasi vya oda za chakula ambacho hawana. Msianze na mjadala wa maana yake. Anzeni na ugomvi wao kuhusu birika, pale wanapokaribia kukabana koo kwa sababu ya namna ya kusema kwamba linawekwa jikoni, mkaurudie mpaka wote wawili wajue ni nani anayemwogopa mwenzake, na kuanzia sentensi ipi.