Mahekalu ya Malta hayakujengwa kwa 1.618

Michoro mingi mitandaoni hudai kwamba mahekalu ya mawe ya Malta, kama Ġgantija, yalipimwa kwa uwiano wa dhahabu, yaani urefu mkubwa ukigawanywa kwa mdogo hutoa takriban 1.618. Si kweli. Kuta zake ni nene na zimepinda, vyumba vyake vya nusu duara havilingani; ukijichagulia pa kuanzia kupima, namba yoyote utaipata.

Ajabu yenyewe iko Mnajdra, mahali pengine penye mahekalu hayo ya Malta. Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, miale ya macheo hupita katikati ya mlango wa hekalu la kusini hadi ndani. Juni na Desemba huangukia kingo za mawe makubwa pembeni. Wajenzi, wasio na zana za chuma, walilitazama jua mwaka baada ya mwaka, kisha wakasimika mawe.